Kopo la Udongo na Mawe Yaliyosimama

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi, wenzangu wa kwaya, na kila mara nimejibu "tulifika salama" nikageuza maneno. Mnanijua, mimi si mtu wa kukosa la kusema. Ukweli ni kwamba kuna sehemu za safari ile ambazo nilikuwa naziogopa hata nikiwa nimekaa sebuleni kwangu na kikombe cha chai mkononi. Sasa nimeandika. Someni pamoja, halafu mniache nipumzike.

Kilichonitoa nyumbani

Mume wangu Mkumbo nilimzika hapa Morogoro, mlimani, kwenye shamba la mama yangu. Kwetu Waluguru hilo si ajabu, ardhi ni ya upande wa mama. Kwao Iramba lilikuwa tusi. Aliniambia mwenyewe siku mbili kabla hajafa, "Nizike hapa, usihangaike na mwili wangu barabarani." Lakini aliniambia mimi peke yangu, na neno la mjane asiye na shahidi halina uzito kwa wakwe. Walikuja watatu, wakazika, wakaondoka bila kuonja hata maji. Wifi yangu Ruti, dada yake wa pekee, hakuniangalia usoni. Baada ya hapo, mwaka mzima hatukuzungumza.

Jambo la pili mnalijua nusu. Wiki ya sita baada ya mazishi nilikuta kaburi limechimbwa upande wa kichwani. Kilikuwa kishimo cha kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na udongo wake haukuwepo. Niliwaambia ni panya buku. Panya buku gani anayechimba akaondoka na udongo? Nilijua, kama mnavyojua ninyi, udongo wa kaburi ukichukuliwa kwa siri unakwenda kufanya kazi gani. Ndipo nikaweka geti la chuma na kufuli nyumbani, ninyi mkanicheka kwamba mjane ameanza kuringa.

Basi kiangazi hiki simu ikalia. Alikuwa shemeji Msengi, kaka mkubwa wa Mkumbo, ndiye mkuu wa ukoo sasa. Alisalimia kwa ufupi, kisha akasema, "Njoo na udongo wa kaburi lake. Tunasimamisha jiwe."

Habari za mawe Mkumbo alinisimulia tangu tulipokuwa wachumba. Nyuma ya kijiji chao, juu kidogo ya Kinampanda, pana mawe marefu yaliyosimamishwa ardhini na watu ambao hakuna anayewajua. Ukoo wake uliyakuta. Wenyewe wakaanza kuongeza yao: kila mtu wa ukoo anayefia mbali, anachimbiwa jiwe, chini yake unawekwa udongo wa alikolala, na aliyeuleta analishika jiwe mpaka lishindiliwe. Likisimama, marehemu amefika kwao, na jina lake litatajwa kila mavuno. Likiinama, linalazwa ubavu, na jina halitajwi tena. Mkumbo hakuwa mtu wa kuogopa kufa. Lakini siku ileile aliyoniambia nimzike hapa, aliongeza, "Ila jiwe langu wasije wakalilaza."

Nikachota udongo nikaujaza kwenye kopo la maziwa ya unga, nikafunga kifuniko kwa utepe, nikalitia kwenye kikapu chini ya kanga zangu.

Morogoro hadi Singida

Kuhusu basi sina mengi. Nilikaa na kikapu mapajani kuanzia Morogoro, na kila aliyetaka kunisaidia kukipandisha juu nilimtolea macho. Dodoma polisi waliingia kukagua mizigo. Askari wa kike akashika kopo, akalitikisa.

"Hii nini, mama?"

"Unga," nikasema.

Mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, nadanganya mchana kweupe. Akanirudishia. Moyo ulinidunda hadi Bahi. Sikuwa naogopa askari. Niliogopa ule uongo, jinsi ulivyotoka laini bila kukwama.

Manyoni tulisimama kula. Walileta kuku wa kienyeji, wale wa Singida wenye miguu mirefu ya wakimbiaji, amekaangwa kwa mafuta ya alizeti hadi ngozi inalia mdomoni. Nilimla nusu, nusu nikamfunga kwenye gazeti. Ni chakula pekee cha safari ile nilichokula kwa amani.

Baada ya hapo mawe yakaanza. Huko kila mahali ni mawe, makubwa kuliko nyumba, yamepandiana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga akasahau kumalizia. Upepo haukomi. Nilitazama dirishani nikijiambia kwamba haya ni ya Mungu, hayakusimamishwa na mtu, hayana shida na mimi.

Unyambwa

Nililala Unyambwa, pembeni mwa mji wa Singida, kwa Mama Hawa, ambaye binti yake nilimfundisha. Ni Mnyaturu, Mwislamu, mwanamke wa maneno mengi na mkono mwepesi jikoni. Asubuhi alinipa uji wa uwele na asali, akaniuliza naenda kufanya nini Iramba. Nikamwambia.

Akaweka kata chini. "Watakushikisha jiwe?"

"Ndiyo."

"Haya. Mie sisemi kitu." Kisha akasema. "Wanyiramba wale, mawe yao yanasikia. Mjane akiwa na uongo tumboni, jiwe halimsubiri. Linamwangukia miguuni. Yuko mama mmoja huko, vidole vya mguu wa kulia havipo."

"Vyote?"

"Vitano vyote. Unywe uji, unapoa."

Alisema bila hata kutabasamu, na mimi sikuwa na akili ya kuuliza zaidi. Nilitazama viatu vyangu vya wazi. Nikamwomba Mungu anisamehe ule unga wa Dodoma, nikaazimia kwamba kuanzia hapo mdomo wangu utasema kweli tupu. Azimio hilo lilidumu mpaka saa nane mchana.

Misigiri

Gari la kutoka Singida liliharibika mara mbili. Tulifika Misigiri, njia panda ya Kiomboi, jua likiwa utosini, na gari la kwenda Kinampanda lilikuwa limeondoka. Tukaambiwa tusubiri lingine.

Kwenye banda la mama lishe nilikaa meza moja na mtu mmoja wa makamo, Msukuma, anaitwa Shija. Alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu kule upande wa Sekenke, amekuja kununua vipuri vya mashine. Mpole, mcheshi, anakuita mama kwa heshima zote. Alinisogezea chumvi, akanifukuzia nzi. Kisha akatazama kikapu, kopo likichungulia kati ya kanga.

"Mama, hilo kopo hujaliachia tangu ushuke."

Nilikumbuka azimio langu. "Ni udongo," nikasema.

"Wa wapi?"

"Wa shambani kwetu, Morogoro mlimani."

"Unaupeleka kwa mtu?"

"Naupeleka Kinampanda, kuna watu wanausubiri. Ni wa thamani sana, baba. Ukipotea huu nimekwisha."

Akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa kila kitu. Sasa, ninyi mtacheka, lakini pale Misigiri mtu akibeba udongo kwenye kopo lililofungwa utepe, akatoka nao mbali, akasema una thamani na kuna watu wanausubiri, hakuna maana nyingine. Sikulijua hilo. Kuingia msalani na udongo wa kaburi sikuweza, basi nikamwomba anishikie kikapu, nikaenda nyuma ya maduka. Palikuwa na foleni na ndoo moja. Nikachelewa.

Niliporudi Shija hakuwepo mezani. Nilimkuta nyuma ya banda amechuchumaa kwenye mfereji, na karai mikononi, analizungusha taratibu, maji mekundu yanamwagika ukingoni. Kopo langu lilikuwa kando, mdomo wazi, tupu. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mama, pole sana," akasema. "Wamekudanganya. Hamna kitu humu. Nimeuosha wote, hata punje ya dhahabu."

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Mama lishe alisema nilipiga. Nakumbuka kwamba nilikaa chini palepale kwenye matope, nikatazama maji mekundu yakifuata mfereji, yakipita chini ya baiskeli ya mtu, yakiingia barabarani.

"Ulikuwa wa kaburi," nikamwambia. "Wa mume wangu."

Shija aliliachia karai kana kwamba limemchoma. Alivua kofia. Alinawa mikono, akanawa tena, akaomba sabuni akanawa mara ya tatu. "Nimeosha kaburi," alikuwa anasema. "Mama, nimeosha kaburi la mtu. Nitashukaje shimoni mimi?" Nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza. Nilimwambia hakukusudia. Alikataa kula tena, akasema hapandi gari kurudi mgodini siku ile, atatafuta kanisa lolote lililo wazi aketi humo. Mtu aliyenipotezea kila kitu, na sikuweza hata kumchukia.

Nilipobaki peke yangu nikahesabu njia. Kurudi Morogoro na kuja tena ni siku nne, na ukoo ulikuwa umeshakusanyika, jiwe lingeinuliwa kesho yake. Kusema kweli ni kuthibitisha walichoamini mwaka mzima: kwamba mwanamke huyu hajali, mwili aliwanyima, na hata udongo umemshinda. Wangelilaza jiwe. Lile neno la mwisho la Mkumbo lingekufa kwa ajili ya foleni ya msalani.

Karibu na stendi palikuwa na watu wanafyatua matofali. Udongo wao ulikuwa mwekundu, unafanana na wetu. Nikajaza kopo, nikafunga utepe. Ilikuwa saa nane.

Kupanda Kinampanda

Gari lililopatikana lilikuwa la kubeba magunia ya alizeti, nikapewa nafasi mbele. Dereva alizungumza njia nzima. Nilijibu ndiyo na hapana. Sijawahi kuogopa kiasi kile mchana wa jua kali. Niliwaza vidole vyangu vya miguu, kimoja kimoja.

Tuliposhuka nilimwona Ruti amesimama kando ya njia na kitenge kichwani. Amekonda. Alipokea kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na lile goti halikuwa langu, lilikuwa la kopo. "Karibu, wifi," akasema, akatangulia njia.

Nyumbani nilimwamkia shemeji Msengi na wazee wengine, shikamoo zikazunguka ua mzima. Waliongea Kinyiramba. Nilisikia jina la Mkumbo, na kila lilipotajwa wote walitazama kopo, lililowekwa juu ya kigoda katikati ya wanaume, peke yake.

Jioni ile wakaleta chakula: ugali wa uwele, mlenda, na jogoo. Ruti akaweka mbele yangu kibakuli kidogo. Ndani mlikuwa na firigisi.

Mnajua firigisi ni ya nani. Nyumba nzima ya wanaume, na firigisi napewa mimi, mjane wa ugomvi? Moja kwa moja nikawaza sumu. Nikawaza kile kishimo kaburini, nikawaza kwamba aliyeanza na udongo sasa anamalizia kwa sahani. Nikasema tumbo linanisumbua, nikakisukuma kibakuli. Ruti alikitazama muda mrefu. Kisha akakichukua, akakirudisha jikoni. Mzee mmoja alisema kitu kwa sauti ya chini.

Baadaye ndipo nilipofahamishwa: ile firigisi ilikuwa ya Mkumbo. Aliyemleta marehemu anakula fungu lake kwa niaba yake. Nilikuwa nimekataa chakula cha mume wangu mbele ya ndugu zake.

Mawe

Tulipanda asubuhi, jua limeshatoka, upepo unavuta nguo. Nilikuwa nimevaa viatu vya kufunika vya kuazima.

Nilidhani nimejiandaa. Lakini unapita kwenye mashina ya mtama yaliyokatwa, unazunguka jabali moja, na mara yapo mbele yako. Yale ya kale ni membamba, ya kijivu, mengine marefu mara mbili ya mtu, yamesimama kwa mstari uliopinda hadi mwisho wa kilima. Mwanzoni mwa mstari pana kaburi lao, au wanasema ni kaburi: bamba la jiwe lililolazwa juu ya mawe mengine manne, na chini yake giza, ingawa nje ni mchana. Mbuzi waliotufuata kutoka kijijini walifika hapo wakageuka. Baada ya hayo ya kale yanafuata ya ukoo, mafupi, ya kufika kiunoni au kifuani. Na kando ya mstari, kwenye nyasi, yapo yaliyolazwa. Nilihesabu matano. Hakuna aliyeyakanyaga wala kuyatazama.

Jiwe la Mkumbo lilikuwa tayari, refu kama mtoto wa miaka kumi, limeegemezwa kwenye magogo. Shimo limechimbwa. Wanaume sita walishika kamba. Shemeji Msengi akanionyesha mahali pa kupiga magoti, na nitakapoweka mikono kwenye shina la jiwe. Miguu yangu ilikuwa chini ya ncha yake kabisa.

"Mimina udongo," akasema. "Useme, nimemleta."

Nikafungua kopo. Kifuniko kikanianguka. Nilitazama ule udongo wa matofali, nikatazama jiwe lile lililokuwa linamsubiri mtu, na nikaona kwamba nikisema neno lile, jiwe litasimama juu ya uongo wangu, nao watamwita Mkumbo kila mavuno mahali ambapo hayupo. Hilo liliniogopesha kuliko vidole, kuliko wao wote.

"Sijamleta," nikasema.

Nikawaeleza. Foleni, Shija, karai, maji mekundu barabarani, matofali. Nilieleza nikiwa nimepiga magoti, nikitazama shimo, kwa sababu nyuso zao sikuziweza. Nikamalizia na lile ambalo hawakuliamini tangu mwanzo, kwamba kuzikwa Morogoro alisema mwenyewe, na kwamba aliomba jiwe lake lisilazwe.

Shemeji Msengi alivua kofia yake, akaivaa tena. Alizeeka palepale nikimtazama.

"Bila udongo hakuna wa kusimama," akasema. "Shemeji, sina la kufanya. Lazeni."

Wanaume wakaanza kulegeza kamba.

"Ngojeni," Ruti akasema.

Akageuka, akashuka kilima, anakimbia, mwanamke wa umri wangu na magoti yake. Tulisubiri. Wanaume walilishikilia jiwe nusu njia, mishipa imewatoka shingoni. Aliporudi alikuwa na fundo la kitambaa cheupe. Alilifungua mbele yangu. Udongo mwekundu, wa mlimani kwetu, una vijizizi vya nyasi tunazozijua sisi tu.

Niliutambua kabla hajasema. Kishimo cha kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi." Alikuwa anahema. "Nilikuja peke yangu, kaka hakujua. Nilitaka angalau hiki kirudi. Lakini umeibwa, wifi. Udongo wa kuiba hausimamishi jiwe. Nimekaa nao ndani mwaka mzima, sina la kuufanya. Ndipo nikamsumbua kaka mpaka akakupigia."

"Ulikuja Morogoro, hukufika nyumbani?"

"Nilifika. Mpaka kwenye ua wako wa michongoma. Nilikusikia ndani unaimba, unaosha vyombo. Nikasimama pale mpaka miguu ikauma, nikaondoka."

"Kwa nini hukubisha hodi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe," akasema Ruti.

Mwaka mzima nimefunga geti kwa kufuli, nikimkimbia mtu aliyesimama nje akiniogopa mimi.

Shemeji Msengi ndiye aliyekata shauri. Alisema kwamba udongo ni wa kaburi la mume wangu, kwenye shamba la mama yangu, kwa hiyo mwenye kuutoa ni mimi. Nikiutoa kwa mkono wangu, haujaibwa tena. Akauliza kama nautoa.

Nilipokea kile kitambaa kutoka kwa Ruti, nikamimina wote shimoni, nikakung'uta pindo. "Nimemleta," nikasema, na Ruti akapiga magoti upande wa pili, akaweka mikono yake kwenye jiwe mkabala na yangu, ingawa desturi inataka mtu mmoja. Hakuna aliyemkataza. Kamba zikavutwa, jiwe likaingia, tukalishika huku wakishindilia vijiwe na shemeji akiita majina, tangu wale wa kale wasiojulikana ambao yeye huwaita tu "mliotutangulia", hadi la mwisho. Alipolitaja la Mkumbo tukaambiwa tuachie. Sikutaka. Ruti ndiye aliyenitoa mikono, kidole kimoja baada ya kingine.

Halikutikisika.

Tulirudi nyumbani tukala. Firigisi ilikuwa bado ipo jikoni, Ruti aliitunza kwenye chungu. Tuliigawana. Nilimuuliza shemeji kuhusu yule mama asiye na vidole vya mguu, akacheka mpaka akakohoa, akasema Wanyaturu wana kazi moja tu duniani, kuwatisha wageni wanaokuja kwetu.

Mmeuliza pia kwa nini siku hizi kufuli halipo getini. Ruti anakuja baada ya mavuno yajayo, anataka kuliona kaburi mchana, kama watu. Nimemwambia akifika asibishe hodi, apite tu.